Rangi za Giza Sebuleni: Isugue kwa Kucha Kabla Hujalipa

Ukuta wa sebule yangu una ramani. Nilipaka kijani kizito kinachokaribia weusi, mati kabisa, ile isiyo na hata chembe ya mng'ao. Wiki ya kwanza nilikuwa naingia sebuleni bila sababu, nakaa tu kuutazama ukuta. Wiki ya nne jua la jioni likaingia kwa ubavu, nikaona kila kitu. Nyuma ya kochi, pale vichwa vinapoegemea, madoa matatu ya mviringo yanang'aa kama visogo vilivyopakwa mafuta. Kando ya swichi, vidole. Chini ya swichi, mstari mweupe mrefu wa zipu ya begi.

Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta. Alama ya kidole ikawa doa la ukubwa wa sahani. Nikafungua ndoo iliyobaki, ndoo ileile, nikagusagusa kwa brashi. Sasa nina mraba uliokolea kuliko ukuta wenyewe, umekaa pale kama kiraka cha suruali.

Kwa hiyo leo sitazungumzia kama rangi ya giza inafanya chumba kionekane kidogo. Wala taa, wala mapazia, wala zulia la kuendana nayo. Hayo utayapata kila mahali. Nazungumzia kucha.

Kwenye rangi nyeupe, mkwaruzo mdogo hauonekani kwa sababu mkwaruzo nao ni mweupe. Rangi ya mati inapata hali yake ya kutong'aa kwa kujazwa chembe za madini, chaki na silika kwa mfano, zinazofanya uso uwe na vilima vidogo vya kutawanya mwanga. Ukisugua, vilima vinalainika na mahali pale panaanza kung'aa. Ukikwaruza kwa kucha, unavunja chembe zenyewe, na ndani ni nyeupe. Ndiyo maana ukuta mweusi unaandikika kama ubao wa shule.

Kuna jambo la pili ambalo muuzaji hatakuambia. Rangi ya giza haitoki kwenye ndoo ileile ya nyeupe. Huchanganywa kwenye besi, yaani rangi ya msingi ambayo bado haijakolezwa, yenye titani dioksidi (unga mweupe wa kufunika) kidogo sana au isiyo nayo kabisa, halafu mashine inamimina rangi za kukoleza kwa wingi. Nyingi kati ya hizo hubebwa na vimiminika vinavyochelewa kukauka, na zikiwa nyingi utando unabaki laini kwa muda mrefu. Mtu aliyepaka krimu na mtu aliyepaka bluu nzito wanaweza kuwa wamenunua jina moja la rangi, lakini hawajanunua kitu kimoja.

"Inaoshika," aliniambia yule muuzaji, huku akigonga kifuniko kwa kidole. Na kweli inaoshika. Kiwango cha Ulaya cha EN 13300 hupanga rangi za ndani kwa madaraja 5 ya kustahimili kusuguliwa zikiwa na maji, na daraja la 1 ni zile zinazopoteza chini ya mikroni 5, yaani elfu tano za milimita, baada ya kusuguliwa mara 200. Soma tena: kinachopimwa ni unene ulioondoka. Kama uliobaki umeanza kung'aa kama kiatu, kipimo hicho hakihusiki na hilo. Kipimo cha kung'aa kipo, Wamarekani wanakiita ASTM D6736, ila ni nadra kukikuta kwenye kopo.

Basi jipimie mwenyewe. Usinunue kikopo cha majaribio, maana vingi vina umaliziaji mmoja tu, na si lazima uwe huo utakaoupaka ukutani. Nunua kopo dogo kabisa la rangi halisi, kwa rangi ileile ya giza. Paka ubao wa ukubwa wa gazeti, mara mbili. Uache wiki mbili, na ukiweza mwezi, maana kukauka kwa kugusika si kukomaa. Kisha vuta kucha mstari mmoja bila huruma. Pembeni yake sugua kwa kitambaa kibichi mara ishirini. Pengine papanguse kwa mkono wa shati kavu. Sasa zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu na ubao ili mwanga upite kwa ubavu. Ukiutazama ubao kwa mbele tu utadanganyika, kama nilivyodanganyika mimi.

Sasa rangi zenyewe. Namba moja kwangu ni Benjamin Moore Aura, ya mati. Sifichi, hii ndiyo ninayoipenda na wala sitajifanya sina upande. Kampuni ilianza Brooklyn mwaka 1883, lakini mimi si mpenzi wa historia ya ndoo. Nilichopenda ni kwamba wana rangi zao wenyewe za kukoleza, Gennex, zinazobebwa na maji, kwa hiyo bluu kama Hale Navy haigeuki uji wa kulainisha utando. Kwenye ubao wangu kucha iliacha mstari, ndiyo, lakini wa kijivu hafifu, na kitambaa kibichi kiliufuta. Nilikaa na ile tochi hadi shingo ikauma nikitafuta mng'ao. Kasoro yake: inakauka haraka, na fundi mwenye kupokea simu katikati ya ukuta atakuachia mshono. Mwambie amalize ukuta mzima kabla hajapumzika.

Ya pili, Farrow & Ball, na hapa watu wanakosea kila siku. Wanaipenda rangi yao ya Hague Blue, namba 30, au Railings, namba 31, halafu wanachukua Estate Emulsion kwa sababu ndiyo inayopendeza pichani. Hiyo ina mng'ao wa asilimia 2. Ni nzuri mno, na ni ya chumba ambacho watu hawagusi kuta. Nyumba yenye watoto, mbwa au mjomba anayeegemea ukuta akisimulia, chukua Modern Emulsion ya asilimia 7. Huo mng'ao kidogo ndio unaokuokoa, kwa kuwa uso ulioanza na mng'ao hauna pa kwenda sana ukisuguliwa.

Ya tatu Little Greene, Intelligent Matt, asilimia 5. Iko katikati ya hizo mbili za Farrow & Ball, na mwenye kuchukia mng'ao atairidhia. Ya nne Sherwin-Williams, laini yao ya Emerald. Kama unataka weusi mtupu, Tricorn Black yao hurudisha asilimia 3 tu ya mwanga, na Iron Ore asilimia 6. Zikikaa kando kwa kando ndipo unajua kwamba Iron Ore ni kijivu kilichojikausha.

Za bei ya chini: paka dari. Au nyuma ya kabati. Nimejaribu mbili na zote mbili ziliandikika kwa ncha ya karatasi. Ukilazimika, achana na mati, chukua silki, ile yenye mng'ao, na ukubali kwamba kila kovu la plasta litaonekana.

Wekundu mzito una shida yake. Weusi hufunika upesi sana, lakini wekundu wa damu ya mzee na baadhi ya kijani huacha ukuta wa chini ukichungulia hata baada ya mikono mitatu. Dawa ni praima ya kijivu chini, si kuongeza ndoo. Muuzaji hufurahi ukiongeza ndoo.

Na nikishafika kwa wauzaji, nisemeje? Kuna mchezo wa "tunakutengenezea ileile." Unakwenda na jina la Hague Blue, anakuambia hiyo ghali ya nini, mashine yetu inasoma rangi yoyote na kukuchanganyia kwenye ndoo yetu. Mashine inasoma rangi, basi. Haisomi gundi inayoshikanisha rangi, haisomi chembe, haisomi mng'ao. Utapata sura ya Hague Blue juu ya mwili wa rangi nyingine, na malalamiko mengi niliyoletewa yalianzia hapo hapo. Halafu ndoo ya giza wanaitoza zaidi kwa sababu ya besi, na ukirudi nayo unaambiwa rangi iliyochanganywa hairudishwi. Hairudishwi, sawa. Lakini nilipouliza kabla ya kuchanganya kama itaacha alama, mbona hakuna aliyenijibu? Muuzaji alinipa kadi ya rangi. Kadi! Kipande laini cha karatasi ambacho hakina hata tone la rangi iliyo ndani ya ndoo.

Wengi mmeniuliza kama mnaweza kupitisha vanishi ya mati juu ya ukuta uliokwisha haribika. Mimi nilifanya hivyo kwenye kona moja, nyuma ya mlango. Vanishi ya mati nayo ina unga wa kuua mng'ao, na juu ya rangi ya giza unga huo unaonekana kama pumzi kwenye kioo. Ile kona sasa ina ukungu usiofutika. Nimepiga msasa mwepesi ukuta mzima, nimepaka upya mikono miwili ya Aura toka pembe hadi pembe, na kochi nimelisogeza mbele kiasi cha kupitisha ufagio. Mraba wa kiraka umepotea. Kona ya mlango nimeiacha. Mlango ukiwa wazi haionekani.