Kazi safi, mdomo mchafu: uzoefu wangu na wakala wa viza ya ndoa

Nianze na hili: viza ilitoka. Nalisema mapema asije mtu akadhani naandika kwa uchungu wa kunyimwa. Ilitoka, alhamdulillahi, na bado nikimkumbuka yule mama wa ofisini natamani nimrudie na faili lake mkononi nimwambie yaliyonikaa rohoni.

Mnaomjua mnaniuliza mwende kwake au msiende, na jibu nimeliweka mwishoni; wengine, ofisi siitaji jina. Mkinifuata faraghani kuniuliza, nitasema nimesahau.

Mume wangu anaishi Leicester, ana ukaazi wa kudumu. Tulioana mwaka jana, Mfungo Mosi, tukakaa pamoja wiki chache, likizo yake ikaisha akarudi kazini. Tangu hapo ndoa yetu ikawa ya simu. Masharti ya viza ya mke ya Uingereza yako wazi mtandaoni, kila mwenye bando anaweza kuyasoma, sitayarudia yote. Kilichotutisha ni pesa. Tulipokuwa tunalipa, ada ya viza ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ni ya miezi 33 wanakutoza miaka mitatu mizima: pauni 3,105. Wakikunyima, ya afya wanarudisha; ya viza imekwenda na maji. Ukishajua hivyo, huwezi kuijaza ile fomu mkono usitetemeke. Ndipo mume wangu akasema tusijaribu wenyewe, tutafute anayejua, na watu wawili watatu wakatuelekeza kwa huyu mama wa hapa Mombasa.

Nilikwenda na shangazi yangu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, viti vimepangwa ukutani, na anayehudumiwa anasikilizwa na wote wanaongoja. Siku hiyo palikuwa na kijana wa viza ya masomo, mzee mmoja na mjukuu wake, na wengine ambao sikuwaangalia. Nikatoa stakabadhi zangu moja moja: cheti cha ndoa kutoka kwa kadhi, kitambulisho, pasipoti yangu, nakala ya pasipoti ya mume. Akapokea, akapiga tiki kwenye karatasi yake, hana neno. Kisha akasema, "Picha za harusi."

Wenzangu wa pwani hapa mshanielewa. Nikahi ilisomwa msikitini. Aliyekaa mbele ya sheikh, akashikana mkono na mume wangu, ni baba, ndiye walii, yaani msimamizi wangu wa ndoa. Mimi nilikuwa chumbani nyumbani na somo wangu, mama aliyenifunda, nasubiri niambiwe nimeshakuwa mke wa mtu. Kupamba kukawa usiku wa wanawake watupu, na mlangoni walisimama wasichana wawili kazi yao kukusanya simu. Hata shangazi yangu walimnyang'anya yake na yeye ndiye aliyelipia ukumbi. Kwa hiyo picha za baba na mume wangu msikitini ninazo tele. Za mimi na mume wangu siku ya harusi nina moja ya maana, ile alipoingia kutoa mkono: amesimama na kanzu na joho, kiganja cha kulia juu ya kichwa changu anasoma dua, nami nimeinama, shela imenifunika mpaka magotini. Naipenda picha ile kuliko zote.

Yule mama akaichukua kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, watu wote wakaiona, akasema, "Dada, hapa naona mwanamume na kitambaa tu."

Watu wakacheka. Kijana wa masomo alicheka mpaka akakohoa.

Mimi nilinyamaza. Nilihisi masikio yanawaka ndani ya ushungi. Yeye akaendelea, wala hakushusha sauti: Wazungu wakiiona hii watasema ndoa ya karatasi, na mkinyimwa msije kulia hapa. Halafu akatoa ushauri wake. Mume wangu akija likizo tuvae tena zile nguo, twende ufukweni tukumbatiane, tupigwe picha "zenye mapenzi," tumletee.

Shangazi ndiye aliyemjibu. "Mwanangu, harusi imeshapita, na sisi si waigizaji. Na hicho kitambaa kina mtoto wa watu ndani yake."

"Mama, mimi nafanya kazi yangu," akasema, akapiga tiki nyingine.

Ningekuwa na pesa za kuchezea ningeondoka palepale. Lakini malipo ya awali tulikuwa tumeshatoa, na kwenye risiti imeandikwa hayarudishwi. Nikarudi nyumbani nimefura, nikafungua simu, nikasoma masharti yale neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha shule ya upili. Wanataka nini kuhusu ndoa? Muwe mmeshaonana ana kwa ana. Ndoa iwe halali. Uhusiano uwe wa kweli na uwe hai. Muwe na nia ya kuishi pamoja kule moja kwa moja. Basi. Nilitafuta mahali palipoandikwa mkumbatiane, sikupaona. Picha ni ushahidi mmojawapo tu, sawa na safari alizokuja kukuona, pesa anazokutumia, simu mnazopigiana. Na hilo la kuvaa nguo za harusi upya na kujifanya ndiyo siku yenyewe, wallahi, ndilo linaloweza kukuzamisha. Unaanzisha maisha na serikali ya watu kwa uongo wa ufukweni? Maofisa wakigundua picha ni ya mchezo, nani ataamini karatasi zilizobaki?

Kwa hiyo nyota moja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kuandika, nikaishia hapo.

Shida ni kwamba yale yaliyofuata siwezi kuyakataa.

Mambo ya katikati nayapita mbio. Mtihani wa Kiingereza wa kuanzia ni ngazi ya A1, kuzungumza na kusikiliza. Ukiweza kujieleza wewe ni nani na unapenda nini utapita. Kipimo cha kifua kikuu nilifanya Nairobi, eksirei ya kifua, na cheti chake kinadumu miezi sita, hivyo usikimbilie kupima kabla karatasi nyingine hazijawa tayari. Barua ya nyumba, mume wangu aliipata kwa mwenye nyumba wake bila matata.

Mshahara ndio uliotaka kutuua. Tangu Aprili 2024 anayemwita mwenzi wake lazima awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka; kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Maskini mume wangu anafanya kazi bohari, akaongeza zamu za usiku ili afike, na akanitumia hati zake za mshahara za miezi sita pamoja na stetimenti za benki. Nilizipitia mimi, akazipitia yeye, akazipitia binamu yake aliyesomea uhasibu. Sote tukasema ziko sawa.

Nikampelekea yule mama. Safari hii nilikwenda nimeshajiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alitoa rula ya chuma kwenye droo, akailaza juu ya stetimenti, akaanza kushuka nayo mstari kwa mstari, penseli mkono wa pili. Kila mshahara alioukuta anauwekea nukta, kisha anageukia hati ya mwezi huo anaweka nukta hapo pia. Watu waliongoja, simu ililia, hakuinua kichwa. Nukta, nukta, nukta. Akafika mahali rula ikasimama.

"Mshahara wa mwezi huu uko wapi?"

Haukuwepo. Mume wangu alikuwa amebadilisha benki katikati, na mshahara wa mwezi mmoja uliingia kwenye akaunti ya zamani. Hati ipo, pesa haionekani. Na wao wanataka kila hati ya mshahara ioane na pesa iliyoingia benki, mwezi usikatike hata mmoja. Kwa mshahara huo mmoja ombi lote lingeweza kukataliwa, na zile pauni 1,938 tungezisomea fatiha. Akaniambia nikalete stetimenti ya akaunti ya zamani, na nihakikishe zile za karibuni hazizidi siku 28 mpaka siku ya kuomba. Alisema hivyo kwa utulivu, hata "dada" yake ilikuwa na adabu ndani yake.

Nikatoka pale nimelegea. Nikampigia mume wangu nikamwambia huyu mama ni hazina. Shangazi akanikumbusha kitambaa. Nikamwambia, shangazi, tumsamehe, watu wa kazi nyingi huchoka. Siku ile ningempa nyota tano na dua juu yake.

Kisha ikaja barua.

Kila faili analolituma analiwekea barua ya maelezo mbele, ya Kiingereza, inayompitisha ofisa kwenye ushahidi. Aliniita niisome kabla hajaipakia. Kuhusu picha hatukuwa tumempelekea za ufukweni. Tulimpa tikiti za ndege za mume wangu, risiti za pesa kila mwezi, orodha ndefu ya simu za WhatsApp, barua ya baba na ya sheikh aliyetuozesha, na ile picha yangu. Nikadhani ameitoa. Hakuitoa. Ilikuwa ndani, na kwenye barua alikuwa ameipa aya nzima. Kwa ufupi alieleza kwamba kwa Waislamu wa pwani ya Kenya mkataba wa ndoa hufungwa baina ya bwana harusi na walii mbele ya mashahidi, bibi harusi akiwa kwingine; kwamba sherehe ya wanawake haipigwi picha kwa heshima yao; na kwamba mkono wa mume juu ya kichwa cha mke aliyefunikwa ndiyo dalili yenyewe kwamba wawili hao wameshakuwa halali. Kiingereza chake kimepangika, sentensi fupi fupi, hakibembelezi mtu wala hakiombi radhi kwa ajili ya desturi zetu. Sijawahi kuona mtu akiieleza harusi yetu kwa heshima kiasi kile.

Hapo ndipo hasira zikanipanda kuliko mara ya kwanza. Kumbe alijua!

Ningemsamehe mtu wa bara asiyezijua mila zetu. Ningemsamehe mtu aliyechoka. Huyu alijua tangu dakika ile alipoinua picha dirishani kile alichokuwa amekishika, na huenda yeye mwenyewe alifunikwa shela hivyohivyo siku yake. Alijua, akachagua kuchekesha chumba. Maneno mazuri akamwekea ofisa asiyemjua, huko Uingereza, na mimi niliyemlipa nikapewa mzaha. Ile aya angeweza kunisomea mimi siku ya kwanza, kwa Kiswahili, mbele ya walewale waliocheka.

Nilimwuliza. Nilimwambia, mama, kama ulijua haya mbona ulisema vile? Akavua miwani akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji hulowesha. Akasema akiwatisha watu mapema huleta ushahidi wa kutosha. Asiyetishwa huleta cheti na picha mbili akidhani amemaliza. Na kweli, mnaona? Baada ya kuaibishwa ndipo nilipokusanya risiti zote, simu zote, barua ya baba. Labda ana haki. Sijui, labda asingenitia uchungu nisingehangaika vile. Lakini mbona hakusema tu, "Dada, lete na hivi na hivi"? Ingemgharimu nini? Na lile la ufukweni lilikuwa kutisha pia, au lilikuwa kweli? Nikamwuliza na hilo. Akasema kuna wateja yeye huwaambia hivyo kuwapima. Sikumwamini, na hata sasa simwamini.

Tukaomba. Nikatoa alama za vidole. Kawaida wanasema wiki 12, wenye haraka hulipa ziada. Sisi hatukuwa na cha kulipa ziada. Jibu likaja ndani ya muda, viza ipo, hawakuuliza swali hata moja, si la mshahara, si la picha.

Sasa mnaoniuliza niende kwake au nisiende. Kama mshahara wa mwenzio umekaa vibaya, ajira zimebadilika, benki zimebadilika, nenda. Rula ile inaona. Kama mambo yenu yamenyooka, mna mwajiri mmoja na akaunti moja, someni wenyewe mtaweza, mbaki na pesa zenu na heshima zenu. Na ukienda, usiende peke yako. Mchukue mtu mzima anayejua kujibu, maana wewe utakuwa umeshanyamaza.

Juzi nimepata meseji ya ofisi, ile ya kutumwa kwa kompyuta, ya Kiingereza: hongera kwa viza yako, tafadhali tupe nyota tano. Mume wangu anasema nimpe, yamekwisha. Shangazi anasema tatu, mbili za rula na moja ya barua. Mimi nimebonyeza mbili, na kwenye nafasi ya maoni nikabandika ile picha.