Ufadhili wa masomo au likelemba kwa mwanafunzi wa Lubumbashi

Mwanafunzi anayesoma kutwa nzima pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi nchini Kongo, asiye na nafasi ya kufanya kazi, hutazamia msaada kutoka pande mbili: ufadhili wa masomo au likelemba ya nyumbani, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu. Ufadhili, kama ule wa Excellentia wa Wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi kwa waliong'ara katika mtihani wa Taifa, au ule wa BEBUC unaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, haurudishwi. Lakini mlango wake ni mwembamba, na unadai alama za juu.

Likelemba haiulizi alama. Akina mama kumi wa sokoni wakitoa dola 20 kila mwezi, mmoja wao huondoka na dola 200 bila riba, na noti hizo, zingali zinanuka samaki, hufika benki asubuhi ileile ili bodero (stakabadhi ya benki) ya minervali, yaani karo ya chuo, ipatikane kabla ya mitihani. Tatizo ni zamu, kwani ikiangukia Agosti ilhali deni ni la Februari, mtoto hubaki nje ya ukumbi wa mitihani. Mimi ningetanguliza likelemba, mradi mama aombe zamu ya mapema.