Unadhifu Unaofichua Muuaji: Uzoefu Wangu na Hercule Poirot

Nimemaliza kuisoma The Mysterious Affair at Styles, riwaya ya Agatha Christie iliyotoka mwaka 1920 na kumtambulisha mpelelezi Hercule Poirot kwa mara ya kwanza, na kati ya nyota tano ninaipa nne. Fumbo lenyewe, la mama tajiri anayekufa usiku chumbani kwake kwa sumu ya striknini huku milango ikionekana kufungwa kwa ndani, ni zuri. Lakini kilichonishika zaidi ni jinsi silika ya unadhifu ya mpelelezi huyo inavyofanya kazi ya upelelezi.

Poirot ni Mbelgiji mfupi mwenye masharubu yaliyotunzwa, mpelelezi mstaafu wa polisi aliyekimbilia Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kupata hifadhi kwa hisani ya mama huyohuyo anayeuawa. Unadhifu wake umepita kiasi, na msomaji anaweza kudhani umewekwa humo kwa ajili ya kuchekesha tu. (Anayetaka kugundua mwenyewe na airuke aya inayofuata.)

Kwa kuwa hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha, Poirot anayapanga mapambo yaliyo juu ya meko katika chumba cha marehemu, na anaporudi chumbani humo baadaye anayapanga tena bila kujiuliza kwa nini. Siku nyingi zinapita. Poirot akiwa anajenga nyumba kwa karata ili kutuliza vidole na akili, rafiki yake Hastings, ambaye ndiye msimulizi, anataja kwa kupitia tu jinsi mikono ya Poirot ilivyotetemeka alipokuwa akiyanyoosha mapambo yale. Hapo ndipo Poirot anapong'amua kwamba vitu alivyokwisha kuvipanga visingevurugika isipokuwa mtu mwingine amevigusa, na kwamba mtu huyo alikuwa na jambo la kuficha. Mpelelezi asiyejali mpangilio asingeupata ushahidi huo kamwe.

Silika hiyohiyo humfanya akatae maelezo yoyote yanayoacha nje hata jambo moja dogo. Mume wa marehemu, ambaye nyumba nzima imekwisha kumhukumu, Poirot anamkingia kifua mbele ya Inspekta Japp wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, akiona kwamba ushahidi dhidi yake umekamilika mno kiasi cha kutia shaka.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya usiri wa Poirot. Anamwacha mtu asiye na hatia ashtakiwe kwa mauaji, ilhali angeweza kumwokoa mapema, kwa kuamini kwamba dhiki hiyo itaponya ndoa ya mshtakiwa huyo. Mwandishi analichukulia hilo kuwa wema, nami nimeliona kuwa ni kiburi. Atakayeinunua riwaya hii ahakikishe kwamba toleo lake lina mchoro wa ghorofa na ule wa chumba cha kulala, maana bila michoro hiyo habari ya milango ni ngumu kuifuata.