Mbegu za seropegia: eti namwagilia sana, na bado ziko kwenye kimfuko!

"Unamwagilia sana dada, punguza maji." Ndilo jibu nililopewa na muuzaji wa mbegu za seropegia, mmea wa maua unaotambaa, nilipomlalamikia. Mbegu zenyewe ziko mezani, kavu, udongo sijachanganya, kitalu sijaandaa. Nimemtumia picha zikiwa juu ya karatasi nyeupe pembeni ya kimfuko chake cha nailoni, na mtu mzima ananiambia nipunguze maji. Maji yapi?

Niseme mapema kwamba mimi si mgeni wa mimea. Hoya, ile mimea ya mapambo inayotambaa, ninazo barazani hadi mume wangu analalamika hana pa kuegesha baiskeli. Ila hoya siku hizi kila nyumba hapa Mbezi inayo, nami nilitaka kitu ambacho mgeni akiingia getini ataniuliza. Ndipo nikaiona seropegia aina ya Ceropegia sandersonii kwenye ukurasa wa huyo muuzaji (simtaji, anajijua). Ni ukoo mmoja na hoya, nayo hutambaa, ila ua lake halifanani na chochote ulichowahi kuona. Kwao ni Msumbiji, Eswatini na Afrika Kusini. Mpaka hapo nilikuwa naitwa "kipenzi". Kipenzi karibu, kipenzi lipia tu, kipenzi mzigo upo njiani. Hela ilipoingia, ukipenzi ukaisha.

Mzigo ulifika ukiwa umechelewa sana, sikumbuki tena mwezi gani, ila mvua za masika zilikuwa zimeshakatika. Nikafungua. Jamani, yale yalikuwa makapi! Mbegu ya seropegia ni bapa, rangi ya kahawia, na asili yake ina manyoya mepesi kichwani ili upepo uibebe pindi lile tunda lenye pembe mbili linapopasuka. Manyoya kutokuwepo si kesi, wauzaji wengi huyatoa. Kesi ni katikati ya mbegu. Ukiipapasa kwa ukucha unatakiwa usikie kauvimbe, ndiko kiini kilipo. Zangu nyingi ukizielekeza dirishani unaona mwanga upande wa pili. Na mbegu za ukoo huu hazipendi kuwekwa kabatini. Zikiwa mpya huota ndani ya siku chache tu kwenye joto kama la kwetu, zikikaa, nguvu inapungua. Anayeziuza kwa bei ile anapaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Basi nikamwandikia kwa adabu zote. Habari za kazi, pole na majukumu, samahani kidogo. Ndipo likaja lile la maji. Nikamjibu, kaka, sijazipanda. Akatuma ujumbe wa sauti, nyuma nasikia watu wanacheka: "Sikia mama, mbegu zangu hazina shida, wateja wote wanaotesha. Kuna watu wana mkono wa kuua mimea, usinitafutie lawama." Mama! Asubuhi dada, wiki iliyopita kipenzi. Nikaandika tena, nikaona alama zimegeuka bluu, kisha picha yake ikatoweka. Amenibloku. Nimewahi kutapeliwa kiwanja na sikuumia vile.

Nilizipanda kwa hasira. Mchanga wa mto uliooshwa, vumbi la makumbi ya nazi, chenga za mkaa kidogo, mbegu nikazilaza juu na kuzifunika kidogo sana. Nyingi ziliota ukungu mweupe kama nilivyotabiri. Ila mbili zilichipua. Mche mmoja ulinyauka shinani ukalala. Uliobaki ukatafuta kamba, ukapanda, ukazungushia dirisha la jikoni, ukaandamwa na wale vidukari wa manjano ambao kwa mimea ya ukoo huu wana uchu wa ajabu (sabuni ya kipande kwenye maji, jioni, wataondoka), na mwaka uliofuata ukatoa ua.

Hapo ndipo mnanipata pabaya, maana siwezi kulisema vibaya lile ua. Lina shingo ndefu, karibu sentimita 7, juu yake mwamvuli wa kijani wenye madoa, ukingoni nywele zinazochezacheza hata bila upepo unaousikia wewe. Nilikaa nalo chai ikapoa. Vijinzi vidogo sana vinaingia chini ya mwamvuli, vinateleza shingoni, nywele za ndani zinavizuia kurudi. Vinalala humo kama siku moja, nywele zinanyauka, vinatoka vimebandikwa chavua. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba ua hili hutoa harufu ya nyuki aliyeshambuliwa, na hivyo vijinzi ndivyo hivyo vinavyofuata nyuki aliyenaswa na buibui ili vifyonze majimaji yake. Ua linajifanya nyuki anayekufa! Mimi pua yangu haikusikia kitu, ila vijinzi vilikuja, wallahi.

Siku hiyo nilikuwa tayari kumsamehe. Nikaweka picha kwenye status, hata nikaandika "mvumilivu hula mbivu". Muda si mrefu mdogo wangu ananitumia ukurasa wa yule bwana: picha YANGU, dirisha LANGU, pazia langu lenye kiraka, na maneno "Mteja wetu mwenye furaha, agiza sasa kipenzi." Sijui nani aliipeleka. Presha ilipanda, nikaona hata lile ua halina maana.

Kwa hiyo huduma nyota moja, kwa sababu sifuri haipo. Mbegu nyota moja na nusu. Ua nyota tano, ila hilo hakuliumba yeye.

Tatizo ni kwamba sasa anatangaza mbegu za Ceropegia ballyana, ya Kenya hukuhuku, iliyopewa jina la Peter Bally, yule mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi aliyewahi kuwa mume wa Joy Adamson, yule mwandishi aliyemlea simba Elsa. Hiyo naitamani kuliko ninavyomchukia. Shemeji yangu hajabloku­wa, ataniagizia yeye. Sharti ni moja, kabla ya kulipa atumiwe picha ya zile pembe za tunda zikiwa bado mtini.