Nilitaka Saa Sita Majini, Nikauziwa Cheti cha Uongo

Niseme mapema kwamba mazoezi ya hawa wanaotuandaa kuogelea baharini si mabaya. Naanza na hilo kwa makusudi, maana nikishafika kwa yule bwana aliyenisindikiza kwa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kasia, sitaweza tena kutoa neno zuri, na haki ni haki.

Ni huduma ya kuwaandaa watu kama mimi, wenye kazi zao na familia zao, wasiolipwa na mtu kuogelea, lakini wameingiwa na kichaa cha kutaka kuogelea masafa marefu baharini. Unalipia miezi kadhaa. Kocha anakupangia ratiba kwa mtandao, na mwisho wake ni siku moja ya kuogelea saa sita mfululizo kwenye maji baridi, wao wakikusindikiza na kuandika kumbukumbu. Wanaoufahamu mchezo huu wameshaitambua hesabu hiyo. Saa sita kwenye maji yasiyozidi nyuzi joto 16 ndilo sharti wanalopewa wanaotaka kujaribu kuvuka mlangobahari wa kati ya Uingereza na Ufaransa, kilomita kama 33 kwa njia fupi kuliko zote. Sikusema navuka kesho. Nilitaka karatasi inayosema niliziweza hizo saa sita, na iwe inasema kweli.

Kocha, Mungu ampe maisha marefu, alinikataza kugusa ukuta wa bwawa. Ukuta ni pumziko la wizi: unajisukuma, unateleza mita kadhaa bure, mabega yanapata nafuu bila wewe kujua. Baharini utajisukuma na nini? Basi nikawa nageuka kabla ya kuufikia, watu wa njia za pembeni wakinitazama kama aliyerukwa na akili. Jumamosi safari ndefu, Jumapili safari ndefu tena, mikono ikiwa bado haijasahau ya jana, na hapo ndipo nilipoelewa saa ya tano inafananaje. Alinifundisha kuinua macho tu juu ya maji kuangalia mbele, si kichwa kizima, kwa sababu kichwa kikipanda miguu inazama. Alinilazimisha kupumua pande zote mbili, upande wangu wa kushoto ambao nilikuwa siutaki hata kuusikia, kwa vile wimbi halikuulizi unapenda kuvuta hewa upande gani. Na baridi tuliizoea polepole: unaingia, pumzi inakukatika, unatulia bila kuzamisha uso mpaka kile kihoro cha dakika za mwanzo kipite, ndipo unaanza kupiga mikono.

Mpaka hapo ningewapa nyota nne. Hata tano, kwa siku niliyoamka na hali nzuri.

Siku yenyewe ikafika, wakanipa msindikizaji ambaye sikuwahi kumwona. Salamu yake ilikuwa kuniuliza kama kweli nitamaliza zote sita au arudi mapema, ana shughuli zake. Nikacheka, nikadhani ni utani. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando kwapani, shingoni na chini ya kamba za vazi, sikutaka kuanza siku kwa ugomvi.

Kwa wasiojua: katika kuogelea masafa marefu kwa kanuni za kawaida unavaa vazi la kuogelea, kofia na miwani, basi. Unakula ukiwa majini. Msindikizaji anakurushia chupa iliyofungwa kamba, unakunywa huku unakanyaga maji, yaani unapiga miguu papo hapo usizame, unaiachia, anaivuta. Hugusi chombo, na hakuna anayekugusa wewe. Ukishaguswa kwa kusaidiwa, imekwisha, hata kama umebakiza mita kumi. Hilo ndilo linalotenganisha kuogelea na kubebwa. Kapteni Matthew Webb, Mwingereza, aliuvuka mlangobahari ule mwaka 1875, karibu saa 22 majini, akinyweshwa kutoka kwenye mashua zilizomfuata, na kinachofanya tumtaje hadi leo ni kwamba hakuna aliyemshikilia.

Mpango wa chakula tuliuandika pamoja na kocha: kinywaji cha wanga kila nusu saa, kama gramu 60 kwa saa, na kila mlo uwe wa haraka kwa sababu ukisimama baridi inakukamata na mkondo unakusogeza. Saa tatu za mwanzo mambo yalikwenda. Halafu upepo ukageuka, maji yakaanza kukunjamana, na yule bwana akaanza kuangalia simu. Simu! Nainua macho nitafute kayaki, nakuta kichwa kimeinama. Chupa ikachelewa. Nikapiga kelele, akaniashiria kwa mkono nisubiri. Ilipokuja, kamba ilikuwa imejiviringisha kwenye kasia lake, chupa ikaning'inia juu ya kichwa changu siifikii, mimi huko chini nakanyaga maji, meno yameanza kugongana.

Ndipo akainama, akanishika bega, akanivuta hadi ubavuni mwa kayaki. "Njoo hapa dada, usihangaike." Kidole gumba chake kilitua palepale ambapo kamba ya vazi ilikuwa imenichubua, penye chumvi, na hata sasa nikiandika nakisikia. Nikamwambia usiniguse. Nikamwambia tena kwa sauti. Akaniachia, akacheka, akasema: "Kwani nani kaona?"

Nani kaona! Mimi nimeona. Na wewe ndiye uliyelipwa kuona, hiyo ndiyo kazi yako yote!

Nilimaliza muda uliobaki kwa hasira tupu. Kumbe hasira nayo ni nishati, sikuwahi kuogelea vizuri kama saa zile za mwisho. Nilipotoka nikaanza kutetemeka baada ya dakika kama kumi, jambo la kawaida, kwa sababu joto la ndani huendelea kushuka hata ukiwa umeshavaa na umeshafunikwa. Kocha alikuwa ameshanionya. Mtu anayekusindikiza anapaswa kukukalia karibu wakati huo. Yule alikuwa ameinamia fomu. Mimi kikombe kinamwagika mkononi, yeye anajaza: muda, upepo, na sehemu ile inayouliza kama mwogeleaji aligusa chombo au aliguswa. Akaandika hapana. Akaweka sahihi. Akaaga.

Baadaye kidogo wakanitumia cheti kizuri, chenye mapambo pembeni.

Nikaandika kueleza kilichotokea. Nilidhani wataona aibu. Jibu la ofisi, si la kocha, lilikuwa kwamba hayo ni mazoezi tu, kwamba msindikizaji alijali usalama wangu, na kwamba wateja wengi wangeshukuru. Usalama upi? Ningekuwa nazama ningemshukuru kwa machozi, anitoe kwa mkono, kwa mguu, kwa nywele. Sikuwa nazama. Nilikuwa na njaa kwa sababu ya simu yake.

Na si jambo dogo kama wanavyotaka nilione. Mchezo huu hauna uwanja wala kamera. Una mtu mmoja majini na mtu mmoja anayeandika. Diana Nyad, mwogeleaji Mmarekani, aliogelea kutoka Kuba hadi Florida mwaka 2013, akiwa na miaka 64, zaidi ya kilomita 170, na hadi leo watu wanabishana, kwa sababu kumbukumbu za waangalizi hazikukamilika na wasaidizi walimgusa walipokuwa wakimvalisha mavazi ya kumkinga na yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaochoma ngozi. Kama yeye anaulizwa, mimi nani nipeleke karatasi ya uongo mahali na kulala usingizi?

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota tatu kichwani, kwa ajili ya kocha. Nikafika kwenye simu, zikawa mbili. Sasa nimekumbuka tena "nani kaona" na ninaweka moja, na hiyo moja ni yake kocha peke yake, asigawane na mtu. Ukitaka ratiba yao, chukua, itakufaa kweli. Siku ya saa sita tafuta mtu wako mwenyewe, mweleze kanuni kabla hujalowa, jaribuni kurusha chupa na kuivuta mkiwa bado kwenye maji ya kina kifupi, na simu yake aifungie kwenye mfuko usioingia maji mpaka itakapohitajika kuita msaada.

Kama wahusika mnasoma: sitaki msamaha. Nataka fomu irekebishwe, iandikwe kwamba niliguswa, saa fulani, na nani, na cheti kifutwe. Pesa kaeni nazo. Au hapana, nirudishieni ile ya siku ya mwisho, maana kwa siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikimwangalia msindikizaji.