TAHADHARI: jero za chuma "zenye kosa la kiwandani" hapa Dodoma

Wana Dodoma wenzangu, hasa mlio kwenye magrupu ya wasapu ya kuuza na kununua, kuna jamaa anauza jero za chuma (sarafu za mia tano) anadai zina kosa la kiwandani, eti wakusanyaji wa sarafu wanazinunua kwa hela nyingi, tafadhali msimtumie hela. Mama yangu mdogo wa Chang'ombe kashapigwa elfu 80 kwa sarafu moja tu ya 2014, kaambiwa kuna mtu anaichukua kwa milioni 3, kesho yake huyo anayejiita mnunuzi akapiga simu anataka elfu 60 ya cheti kwanza, hapo ndo akaniita. Na hiyo 80 ilikuwa ya mbegu za alizeti jamani, imeniuma sana.

Nikaibeba mpaka Majengo kwa sonara tukaiangalia na kile kioo chake. Eti ina ufa unaopita kwenye picha ya nyati. Sasa ufa wa kweli unatokea ule muhuri wa chuma unaogonga sarafu ukipasuka, madini yanajaa kwenye ule mpasuko, kwa hiyo kwenye sarafu mstari unakuwa UMEINUKA. Huu wa mama mdogo umezama, mtu kakwaruza na msumari huko. Hiyo ni sarafu iliyoharibiwa, thamani yake ni mia tano ileile.

Na hata ungekuwa umeinuka, vinyufa vidogo, herufi kufifia sababu muhuri umejaa grisi, kidoti cha ziada, hivyo viko kwenye sarafu nyingi na wakusanyaji wengi hawaongezi hata senti. Wanacholipia ni kosa kubwa unaloliona bila kioo, mfano picha imegongwa pembeni mpaka nusu ya sarafu imebaki tupu, na hapo bado wataipima uzito.

Anazo pia zenye pengo ukingoni. Pengo la kiwandani mara nyingi ule ukingo wa mkabala wake nao unafifia, zake nimeona picha, mkabala uko vizuri kabisa, kapiga tupa.

Anabadilisha laini kila siku, mama mdogo kashamblock. Tumeshaenda polisi. Ukipata meseji yake tuma namba yake kwenda 15040 (ya kuripoti matapeli wa simu), na kama ushalipa usifute meseji ya muamala, polisi ndo kitu cha kwanza walichotuuliza.