Nilitafuta Albamu, Nikafundishwa Tahajia

Nimekuwa mteja wa huduma hii ya kusikiliza muziki mtandaoni kwa miaka ambayo sasa siihesabu, nalipa ada kila mwezi bila kuchelewa, na kwa muda wote huo sijawahi kuandika neno lolote kuihusu, liwe jema au baya. Jina lake silitaji, kwa kuwa nashuku kwamba nyingine zote zina maradhi hayohayo. Maoni haya niliyaandika nikiwa na hasira, nikayaacha yalale, nikayarudia na kukuta hasira iko palepale, kwa hiyo anayetaka maneno ya mtu mtulivu na asome ya mteja mwingine.

Chanzo cha yote ni herufi moja.

Mimi ni mpenzi wa albamu zilizopuuzwa zilipotoka, zile ambazo nakala zake chache zilinunuliwa, wenyewe wakakata tamaa au wakatafuta kazi nyingine, kisha miaka mingi baadaye mtu mmoja akaziokota na kuwasikilizisha wenzake. Kwa mwenye ugonjwa wa namna hii, maktaba nzima ya muziki inayoingia mfukoni ingepaswa kuwa neema. Siku moja, miezi kadhaa iliyopita, mdogo wangu alinitembelea nikataka kumsikilizisha albamu ya The Zombies, bendi ya Uingereza, iitwayo Odessey and Oracle, ya mwaka 1968, ambayo mimi niliijua kwanza kwa santuri ya kuazima. Nikaandika jina lake kama lilivyo kwenye jalada. Programu ikanibadilishia neno la kwanza papo hapo, bila kuniuliza, ikaandika Odyssey, kisha ikanimwagia kila kitu chenye neno hilo: muziki wa kulalia, milio ya kubuni ya anga za mbali, hata vitabu vya kusikiliza. Nikafuta na kuandika upya, nayo ikanisahihisha upya. Tulivutana hivyo mara tano au sita, mimi na mashine, hadi mdogo wangu akasema, kwa upole wa mtu anayechoka, "Kaka, kwani lazima iwe hiyo?"

Lazima iwe hiyo. Ni kweli kwamba neno limekosewa, na hakuna anayebisha. Terry Quirk, rafiki wa bendi, ndiye aliyechora lile jalada lililojaa maua na rangi, na katika kuchora herufi akaweka e mahali pa y. Kosa lilipogunduliwa kazi ilikuwa imeshafika mbali, ikabidi lichapwe vilevile, na mpiga kinanda Rod Argent akawa anawaambia watu kwamba limefanywa makusudi. Tangu hapo ndilo jina. Mtoto akiandikishwa kwa jina lililokosewa na akazeeka nalo, karani hana ruhusa ya kumwita vingine kwa sababu tu yeye anaijua tahajia.

Nikawaandikia wahudumu wa wateja. Niliandika kwa adabu, nikaeleza historia hiyo kwa ufupi, nikaomba tu waiambie mashine yao iache kunisahihisha. Jibu lilikuja baada ya siku nyingi: "Mpendwa mteja, jina uliloandika si sahihi. Tunakushauri uhakikishe tahajia kabla ya kuwasiliana nasi." Nilidhani hawakusoma barua yangu, basi nikawatumia picha ya jalada lenyewe, herufi e ikionekana waziwazi kama pua usoni. Jibu la pili ndilo lililonitoa machozi ya ghadhabu. Mhudumu alisema kwamba picha yangu inaonyesha nakala yenye hitilafu ya uchapaji, kwamba hata hivyo albamu hiyo haina wasikilizaji wengi, na kwamba huenda ningefurahia zaidi orodha yao ya vibao vikali vya miaka ya 1960. Mwishoni aliweka kikatuni kinachotabasamu.

Haina wasikilizaji wengi! Nimelibeba neno hilo kichwani hadi leo, na nakiri kwamba ndilo linalonifanya niandike. Albamu hii ilirekodiwa mwaka 1967, sehemu kubwa katika studio za Abbey Road, kwa bajeti ndogo ya pauni 1,000 hivi, na kampuni ya kurekodi ilipotaka pia mchanganyo wa sauti wa stirio baada ya fedha kwisha, Argent na mpiga besi Chris White walitoa fedha kutoka mifukoni mwao. Ndani yake kuna melotroni, kile kinanda cha ajabu ambacho kila kitufe chake huvuta kipande cha utepe wenye sauti ya fidla au filimbi, na utepe huo hufika mwisho baada ya sekunde nane tu, hivyo mpigaji hana budi kuachia na kushika tena, na ukisikiliza kwa makini unasikia muziki wote ukihema. Wimbo wa kwanza ni barua ya mtu anayemsubiri mpenzi wake atoke gerezani, nao umeimbwa kwa furaha tupu, kana kwamba gereza ni safari ya likizo. Mwingine unaimbwa na askari mwenye hofu katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, juu ya kinanda kinachokoroma kama mgonjwa wa pumu. Albamu ilipofika madukani Uingereza, Aprili 1968, bendi ilikuwa imeshavunjika. Watu hawakuinunua. Kama isingekuwa Al Kooper, mwanamuziki aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya muziki ya Columbia, kuipigania itolewe pia Marekani, huenda nisingekuwa na la kuandika leo. Kisha mwaka 1969 wimbo wake wa mwisho, Time of the Season, ukapanda hadi nafasi ya tatu nchini humo, wakati hakuna tena bendi ya kupanda jukwaani kuuimba, na wajanja wakaunda bendi bandia zenye jina hilohilo wakazungukia miji kukusanya viingilio.

Kwa kipimo cha mhudumu wangu, kazi hiyo ilistahili kutupwa. Wasikilizaji hawakuwa wengi kwa sababu waliokuwa na ufunguo wa mlango waliketi juu yake, nami naona mlango wa leo una bawabu wa aina ileile, ila huyu hutabasamu kwa kikatuni.

Tangu siku hiyo kila kitu cha huduma hii kinaniudhi, na sidai kwamba ninatenda haki. Inaniudhi alama ya moyo inayorukaruka ninapoupenda wimbo. Inaniudhi tabia yake ya kuchanganya nyimbo ovyo, kana kwamba aliyezipanga alikuwa anacheza karata. Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba haijui kunyamaza. Nilikuwa na desturi ya kusikiliza usiku Pink Moon ya Nick Drake, mwimbaji wa Uingereza, albamu isiyofika nusu saa, aliyoirekodi kwa vikao viwili vya usiku mwezi Oktoba 1971, sauti yake na gitaa, na piano kidogo tu katika wimbo mmoja. Iliuzwa vibaya ilipotoka mwaka 1972, naye akafariki miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 26, akiwa karibu hajulikani. Umati ulikuja kumjua mwishoni mwa karne, wimbo wa albamu hiyo ulipotumiwa katika tangazo la gari. Noti ya mwisho ya albamu hiyo inapofifia unahitaji kimya, walau cha kupumua mara mbili. Huduma hii hainipi hata mara moja. Kabla ule uzi wa mwisho wa gitaa haujatulia, inanipigia kitu chenye ngoma, ikidai kwamba kinafanana na nilichokuwa nikisikiliza. Najua kuna sehemu ya kuzima jambo hilo kwenye mipangilio, nami nimelizima, na kila programu inaposasishwa linajiwasha.

Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja, kwa kuwa hakuna njia ya kutoa sifuri.

Hapo ndipo inanibidi niseme ukweli unaoharibu hoja yangu. Usiku mmoja, katikati ya vita vyangu na wahudumu, ugonjwa huohuo wa kutonyamaza ulinishika nikiwa usingizini. Albamu niliyokuwa nikiisikiliza iliisha, mashine ikaendelea kupiga ilichotaka, nami nikaamshwa na kodiani. Ilikuwa inazunguka polepole, kama mtu anayesimulia jambo huku akitafuta neno, na chini yake mashine ya ngoma ilipiga mdundo mwepesi usiochoka, na juu ya vyote kinanda cha umeme kikitoa sauti ya kama maji. Nilikaa kitandani gizani nikasikiliza hadi mwisho. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kilicho cha kale na cha kesho kwa wakati mmoja kiasi hicho. Kilikuwa ni Shemonmuanaye, albamu ya Hailu Mergia wa Ethiopia, ya mwaka 1985, na ningeweza kuishi maisha yangu yote bila kuijua. Asubuhi nilipandisha hadi nyota nne. Nilifika hata mahali pa kumwonea huruma yule mhudumu, nikawaza kwamba huenda ana barua mia kila siku, na kwamba nani alimtuma ajue majalada ya miaka ya 1960.

Nyota nne zilidumu hadi mchana. Nilitaka kujua nani alipiga nini, wapi, na kwa nini albamu iwe na mtu mmoja tu jaladani. Katika huduma yote hii hapakuwa na jibu, palikuwa na picha, majina ya nyimbo, na kitufe cha kunishawishi nimtumie rafiki. Ilinibidi nitafute kwingine ndipo nikajua kwamba Mergia alifika Marekani na bendi yake, Walias Band, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadhi yao wakabaki, na kwamba vyombo vyote vya albamu hiyo alivipiga peke yake katika studio ndogo, akirudi kwenye kodiani aliyoipiga ujanani. Ilitoka kwa kanda. Baadaye akawa dereva wa teksi mjini Washington, akibeba kinanda kwenye buti ya gari na kufanya mazoezi akisubiri abiria uwanja wa ndege. Mwaka 2013 Brian Shimkovitz, mkusanyaji wa kanda za Afrika, aliikuta kanda hiyo mjini Bahir Dar, Ethiopia, akamtafuta mwenyewe, ikatolewa upya, na Mergia akarudi jukwaani. Habari zote hizo ni sehemu ya kusikia ile kodiani. Huduma iliyonipa sauti ikaninyima mtu aliyeitoa, nami sijui niiite mfadhili au mwizi.

Shimkovitz huyohuyo ndiye aliyenunua, mjini Cape Coast nchini Ghana, mwaka 2002, kanda ya Mghana Ata Kak iitwayo Obaa Sima, ambayo ilitolewa mwaka 1994 kwa nakala 50 hivi tu. Ilimchukua miaka mingi kumpata msanii, na kwa kuwa utepe asilia ulikuwa umeharibika, toleo la mwaka 2015 lilitokana na ileile kanda ya Cape Coast. Nimeisikiliza mara nyingi wiki hizi, ikikimbia na kucheka kama mtoto aliyeiba sukari, na kila mara nawaza: kama yule aliyesimama mbele ya kanda zile angeuliza kwanza wasikilizaji ni wangapi, leo tungekuwa na nini? Au Vashti Bunyan, mwimbaji wa Uingereza, aliyetoa albamu mwaka 1970, akaona haikununuliwa, akaacha muziki akalea watoto, na akatoa ya pili mwaka 2005, baada ya ile ya kwanza kuchapwa upya. Miaka 35 katikati. Ningependa kuona mhudumu wangu akimwandikia huyo barua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu anayependa albamu kama hizi ni kwamba ajiunge, ila asitegemee kitafutio chake, na asiwaulize wahudumu jambo lolote. Au asijiunge, azime santuri kwa rafiki kama nilivyofanya mimi. Nimebadilisha sentensi hii mara nne na bado sijui ipi ni kweli.

Nilikuwa nimeiacha hapo, kwenye nyota tatu za kinyonge, mpaka juzi nilipopokea ujumbe: "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa. Asante kwa uvumilivu wako." Nikafungua programu mkono ukinitetemeka kidogo, sifichi. Nikaandika Odessey, na kwa mara ya kwanza haikunisahihisha. Albamu ikaja mara moja, nyimbo zote 12, kwa mpangilio wake, jalada la Quirk likiwaka maua na ile e yake mahali pake. Na chini ya jalada, kwa herufi nzito nadhifu, jina la albamu limeandikwa Odyssey and Oracle.

Nimewaandikia tena. Hawajajibu, na ada ya mwezi huu imeshakatwa.